Babu Saba wa Kuazima

Jino la mgeni lilivunjika katikati ya Soko la Kijani, mbele ya meza ya mama muuza kurti, na ukelele alioupiga uliwafanya hata wauza nyama ya farasi wa upande wa pili wasimamishe visu vyao.

"Nilimwambia amumunye, asitafune!" mama muuzaji alijitetea. "Kurti ni maziwa yaliyokaushwa mpaka yakawa jiwe, nani asiyejua?"

"Huyu hajui, mama," alisema Kamshat huku akimshika mgeni mkono. "Na mimi nilikuwa sijafika kwenye 'asitafune'."

Kamshat alikuwa mkalimani wa shirika lililowaleta Almaty wazazi wa ng'ambo waliotaka kuasili watoto. Siku hiyo alivaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, midomo rangi ya cheri, nywele zimekatwa fupi mpaka masikio yote mawili yakaonekana, nayo hayakuwa na hereni. Wageni wake, Declan na mkewe Nuala, walitoka Ayalandi. Kwa majuma mawili walitakiwa kukaa kila siku na Inkar, binti wa mwaka mmoja na nusu, kwenye nyumba ya kulelea watoto, ndipo mahakama iwasikilize. Sokoni walikuja kumnunulia nguo. Mtoto anayeondoka kwenye nyumba ile huacha kila kitu, hata soksi, kwa ajili ya mwenzake anayefuata.

"Samahani, dada," ilisema sauti nyuma yao. "Mimi ni daktari wa meno. Zahanati yangu iko mtaa wa pili."

Kamshat aligeuka. Aliona kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, macho ya kucheka, na mkononi soseji nene ya nyama ya farasi.

"Kwa hiyo unazurura sokoni ukivizia watu wavunjike meno?"

"Nimetumwa soseji na mama. Lakini riziki ikija siikimbii."

Declan alilazwa kwenye kiti cha zahanati, taa usoni, mdomo wazi, na Nuala kamshika mguu kama anayeogopa atapaa. Daktari alipogusa tu, mgonjwa akaguna kitu.

"Ninaumia!" Kamshat alifasiri.

Daktari aliondoa mkono haraka. "Nani? Wewe au yeye?"

"Yeye. Ninapofasiri mimi ni yeye. Akisema 'mimi', nami nasema 'mimi'. Ndiyo kazi yetu."

"Sasa wewe mwenyewe huwa unaongea saa ngapi?"

"Baada ya kazi."

"Basi naomba namba ya huyo wa baada ya kazi. Naitwa Bekzat."

Nuala hakujua neno hata moja la lugha ile, lakini aliyaelewa yote, akamfinya mumewe mguu asije akaguna tena.

Simu zikaanza jioni ileile.

"Hallo, leo naongea na nani? Wewe au Declan?"

"Declan amelala. Anakusalimu. Anasema jino lako zuri kuliko alilozaliwa nalo."

"Na Kamshat anasemaje?"

"Anasema ana njaa."

Walikula tambi za moto kwenye vibanda vya Wauyghuri, wakapanda gari la kamba mpaka kilima cha Kok-Tobe kuutazama mji kutoka juu, wakagombania kipande cha mwisho cha tikiti. Bekzat alimpenda Kamshat kwa jinsi alivyosimulia siku yake. Inkar alikuwa anaogopa ndevu za Declan, basi Declan akazinyoa zote, na siku ya pili yake mtoto akalia zaidi kwa kuwa sasa hakumjua kabisa. Bekzat alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha Kamshat akamweleza mengine: jinsi wale wawili walivyosubiri miaka, jinsi walivyokaguliwa nyumba mpaka ndani ya friji, jinsi shirika liliwahi kuwapa picha ya mtoto wa kiume, wakamchorea ukuta wa chumba, kisha familia ya hapa nchini ikajitokeza kumchukua, na hapa mwenyeji ndiye wa kwanza.

"Walifanyaje?"

"Nuala anasema alilia siku nzima, halafu akamwombea heri yule mtoto. Ukuta hawajaufuta."

Bekzat alimtazama. "Unawapenda kweli watoto wa pale."

"Ni kazi," alijibu Kamshat, akageuza uso.

Haikuwa kazi tu. Kamshat mwenyewe alilelewa kwenye nyumba kama ile. Aliwahi kumwambia kijana mmoja, naye kijana akaacha kupokea simu. Tangu hapo aliapa kufunga mdomo. Maana kwa watu wetu, anayetaka kuoa au kuolewa sharti awataje babu zake saba, mmoja baada ya mwingine, ijulikane kama damu hazikukutana. Asiye na babu saba utamuoaje? Huenda ni dada yako.

Kwa hiyo Bekzat alipomwambia, "Mama anakualika chai Jumapili," Kamshat alifanya jambo la kijinga kuliko yote maishani mwake. Alimwendea Sabyr, dereva wa shirika, mtu mzima mwenye maneno mengi na roho nzuri.

"Mjomba, nitajie babu zako saba. Kuna mgeni anapenda sana mila zetu."

Sabyr alifurahi akawataja mara tatu. Kamshat akawakariri kama mtoto wa shule.

Jumapili alivaa sketi ndefu na kitambaa cha hariri. Mama Rabiga, mjane mfupi mwenye macho makali, alimpokea kwa mabusu, akamkalisha mahali pa heshima, mkabala na Bekzat, akammiminia chai ya maziwa nusu bakuli tu, ili aongezwe tena na tena, kama mgeni anayetakiwa akae sana.

"Mbona masikio yako hayajatogwa, binti? Mama yako alikuwa wapi?"

"Niliogopa sindano, mama."

"Haya. Tutajie watu wako."

Kamshat akaanza. Babu wa kwanza, mama akatikisa kichwa kwa furaha. Wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne, Kenzhebai wa Baibol, mama aliweka bakuli chini.

"Kenzhebai yupi? Yule kiwete wa Semey, mfuga farasi wa kijivu?"

Kamshat hakujua kama babu yake alikuwa kiwete. "Nadhani ndiye," alisema.

"Ole wangu!" Mama Rabiga alijipiga paja. "Kenzhebai ndiye babu yetu sisi! Bekzat, mwanafarasi wangu, huyu ni dada yako!" alimlilia mwanawe kwa jina lake la kudekezwa tangu utotoni.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Kamshat ilikuwa na urefu wa babu wanne tu. Alitoka pale na kitambaa mkononi, na Bekzat hakumsindikiza.

Simu ililia siku mbili baadaye.

"Hallo," alisema Bekzat. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza: "Hallo, dada."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Niambie wewe. Mama hataki kusikia, na mimi nikilala nakuota, nikiamka naona aibu. Sema kitu, Kamshat."

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akiusema, hatakuwa dada tena. Atakuwa mtoto wa kuokotwa, na mwongo juu yake. Alikata simu, akalia na mto mdomoni.

Nyumbani kwa watoto, mambo yalikuwa yanageuka. Inkar alianza kwa kukubali tufaha kutoka kwa Nuala, kisha akakubali kubebwa, na asubuhi moja, walipoingia wakivua viatu mlangoni, alitembea mwenyewe, hatua za kulewa, mpaka kwenye magoti ya Declan. Kamshat alijikuta anawaonea wivu wote watatu.

Siku ya mahakama ilifika. Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Aliuliza nyumba, kazi, afya. Kisha akaiweka kalamu.

"Mama, huyu mtoto ni wa watu wanaohesabu babu saba. Siku atakapokuuliza wake ni akina nani, utamwambia nini?"

Kamshat alifasiri swali. Nuala alimshika mumewe mkono, akajibu polepole. Kamshat akaanza kuyageuza maneno, kwa 'mimi', kama siku zote.

"Mimi siwajui babu zake. Sitamtungia wengine ili nimfurahishe. Nitamwambia kwamba kuna mtu alimzaa, na kwamba sijui kwa nini hakuweza kubaki naye. Nitamwambia si aibu yake. Mimi... mimi..."

Machozi yalimtiririka Kamshat mbele ya watu wote.

"Mkalimani," alisema jaji kwa upole, "ni mama anayelia, au ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Nisamehe." Akajifuta, akamalizia: "Mimi nitamwambia, hesabu yako inaanza na wewe. Wajukuu zako watakutaja."

Jaji aliwapa mtoto. Nuala alipiga magoti palepale sakafuni, na Declan akaonyesha meno yake yote, hata lile la Bekzat. Kamshat aliwakumbatia, kisha akatoka mbio mpaka ngazi za nje, akapiga simu.

"Bekzat, usiseme kitu. Wale babu si wangu. Ni wa Sabyr, dereva wetu. Niliwaazima. Mimi sina hata mmoja. Niliokotwa stesheni ya Aktobe, nikalelewa na serikali. Niliogopa utaniacha. Hayo ndiyo yote."

Upande wa pili mashine ya meno ilizimwa.

"Bekzat?"

"Mimi nimekonda," alisema hatimaye, "nimeng'oa jino zima la mgonjwa badala ya bovu, kwa sababu ya babu wa Sabyr?"

"Nisamehe."

"Una habari ulinifanya nijichukie? Ulikuwa na neno moja la kunitoa pale, ukakata simu." Alivuta pumzi. "Siwezi kuongea sasa."

Safari hii ni yeye aliyekata.

Kesho yake alasiri mlango wa chumba cha Kamshat uligongwa. Alikuwa Mama Rabiga, kitambaa kichwani, uso mkavu. Nyuma yake Bekzat na kikapu, macho chini.

"Nisikilize," alisema mama kabla hajakaa. "Kosa lako si kukosa babu. Kosa lako ni kunidanganya kwenye chai yangu mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Huyu jana alirudi anapiga milango. Nikamwambia, unamtaka au humtaka? Akasema anamtaka na amemkasirikia. Nikamwambia hiyo ndiyo ndoa." Akavua kitambaa. "Tangu hapo napiga simu kwa ukoo mzima, wenye akili na wasio na akili. Nimewauliza: kuna yeyote wetu aliyewahi kukanyaga Aktobe? Hakuna. Watu wa Semey ni wavivu wa safari. Nimetosheka. Kaa hapa kwenye mwanga."

Kamshat alikaa karibu na dirisha. Mama alitoa kwenye kikapu sindano, uzi mwekundu wa hariri, na hereni za fedha zenye jiwe dogo. Kwetu mama mkwe akikuvisha hereni, umekwisha kuchumbiwa, hakuna cha kuuliza tena.

"Hizi zilitoka kwa mama mkwe wangu. Lakini huwezi kuvishwa hereni kwenye sikio zima." Alipitisha sindano kwenye moto wa kiberiti. "Hii ni kazi ya mama. Imechelewa tu. Tulia, mwanafarasi wangu."

Kamshat alifumba macho kwa kusikia ameitwa hivyo. Sindano ikapita.

"Ninaumia!"

Bekzat alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Macho yale ya kucheka yalikuwa yamejaa maji.

"Nani?" aliuliza. "Wewe au yeye?"

"Mimi," alisema Kamshat. "Ni mimi."