Dada Yake wa Al-Hamra

"Kitu kimoja tu kimebaki," wakili alisema. "Nahitaji kitambulisho cha mke wa Bwana Elkanah."

Mueni aliweka kikombe cha chai mezani. Alikuwa kwenye chumba cha wauguzi, katika hospitali moja ya Riyadh, na zilibaki dakika kumi arudi wodini. Kwenye simu, wakili Amparo alikuwa ameketi ofisini kwake Valencia, Hispania, faili la kijani mbele yake. Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kutia sahihi. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, jiko dogo lenye dirisha linalotazama soko. Mueni alikuwa amefanya zamu za ziada miaka mitatu kwa ajili ya nyumba hiyo.

"Bado hatujaoana," akasema. "Harusi ni Desemba. Andika tu mchumba."

Amparo akaacha kuandika. "Samahani. Wewe ni mchumba wake?"

"Ndiyo. Ulidhani mimi ni nani?"

"Mshirika wake wa biashara. Watu wengi hununua pamoja bila kuwa wapenzi." Akafunua karatasi. "Bi Mueni, benki imetafsiri kwa Kiingereza ile barua ya mwajiri wake, iliyoandikwa Kiarabu. Inasema ameoa. Inasema kampuni inamlipia posho ya shule ya watoto wawili. Na jina la mke liko hapa. Beldina."

"Beldina ni dada yake."

"Barua inasema mke. Na huku kwetu hati ya nyumba lazima ieleze kama mnunuzi ameoa, na ameoa nani. Mthibitishaji wa hati ataniuliza. Siwezi kuandika jambo ambalo najua si kweli."

"Nipe hadi kesho."

"Nitakutumia hiyo tafsiri sasa hivi. Pole sana."

Barua ilifika kabla Mueni hajainuka kwenye kiti. Aliisoma mara tatu.

Mueni alimjua Beldina vizuri. Huyo alifanya kazi za ndani kwa familia moja mtaa wa Al-Hamra, Jeddah, analala humo humo kwa bosi, na Ijumaa mbili kwa mwezi anapewa ofu. Kila Mueni alipopanda ndege kwenda Jeddah kumwona Elkanah, Beldina ndiye aliyewapikia huko kwa Elkanah. Chapati, kuku, sukuma. Mueni alikuwa akimwita wifi.

Akampigia Elkanah. Alikuwa kazini Bandari ya Jeddah, ambako alikuwa karani wa makontena. Nyuma yake winchi zilikuwa zinanguruma.

"Mpenzi, niko bize kidogo. Kuna nini?"

"Barua yako ya kazi inasema Beldina ni mke wako."

Winchi ziliendelea kunguruma. Kisha Elkanah akacheka taratibu.

"Hawa watu wa ofisi bwana. Nilipoajiriwa walitaka jina la ndugu wa karibu. Nikawapa Beldina. Wameliandika mahali pasipofaa."

"Na watoto wawili?"

"Ni wa Beldina. Si unajua baba yao alifariki? Niliwaandikisha kama wangu ili kampuni ilipe ada. Si vizuri, najua, lakini ungefanyaje ungekuwa mimi?"

"Hukuniambia."

"Niliona aibu. Mueni, Jumatatu nitaenda warekebishe barua. Usiache karatasi moja ituharibie."

Alipokata simu, alituma meseji: *Nyumba ni yetu. Desemba wewe ni mke wangu. Usisikilize mtu ambaye hajui tumetoka wapi.*

Mueni alitaka sana kumwamini. Kila alilosema lilikuwa linawezekana. Alirudi wodini, akapima presha za wagonjwa, akaandika faili zao, na alipomaliza zamu akakata tiketi ya ndege ya asubuhi. Akamwandikia Beldina: *Wifi, kesho nakuja Jeddah. Usimwambie Elkanah, nataka kumshtukiza. Nikukute wewe kwanza.*

Jibu lilikuja: *Sawa wifi. Kesho niko ofu. Madam ataniachilia saa nne.*

*

Walikutana kwenye mgahawa mdogo karibu na bahari, dakika chache kutoka nyumba ya bosi wa Beldina. Beldina alikuja ndani ya abaya nyeusi, mikono yake imechubuka kwa sabuni. Akamkumbatia Mueni kama siku zote.

"Umekonda. Hiyo Riyadh haiwalishi?"

"Kaa kwanza, wifi."

Beldina akakaa.

"Watoto wako wanaitwa nani?" Mueni akauliza.

"Mitchelle na Eric. Si nilikuonyesha picha?"

"Na baba yao?"

"Alikufa. Si nilikuambia?"

"Anaitwa nani?"

Beldina akageuza macho kuelekea mlangoni. Mueni akaisukuma simu mbele yake, barua imefunguliwa, na akangoja. Beldina alisoma polepole, midomo ikifuata maneno ya Kiingereza. Alipofika kwenye jina lake alisimamisha kidole hapo.

"Mueni, mimi nimetumwa tu kazi," akasema kwa sauti ndogo.

"Kazi gani?"

"Ya kuwa dada."

Mhudumu alileta chai mbili. Hakuna aliyeigusa.

"Tuna ndoa ya kanisa," Beldina akaendelea. "Miaka kumi na mmoja. Yeye alitangulia kuja huku, mimi nikafuata, watoto tukamwachia mama yake Homa Bay. Alipokutana na wewe alikuja akaniambia wazi. Akasema kuna nesi Riyadh, mshahara wake ni mzuri, benki ya Hispania haiwezi kumpa yeye peke yake mkopo. Akasema nivumilie. Nyumba ikishaandikwa, atakulipa sehemu yako kidogo kidogo, halafu atanichukua mimi na watoto tuhamie huko."

"Na ukakubali."

"Nilikubali."

"Ulinipikia, Beldina."

"Nilikupikia. Ulikuwa ukimshika mkono hapo mezani, mimi naenda jikoni kukata vitunguu hata kama vilikuwa vimeshakatwa. Wewe ulidhani nalia kwa vitunguu. Ukanihurumia." Akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio. "Sikuambii haya ili unionee huruma. Nilijua nakufanyia ubaya. Nilijiambia ni miaka miwili, mitatu, halafu wanangu watakuwa na baba na mama chumba kimoja."

Mueni alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Badala yake akaichukua simu yake.

"Na harusi ya Desemba," akauliza, "hiyo pia mliipanga pamoja?"

"Harusi gani?"

"Yangu na yeye. Desemba tarehe kumi na tatu, Wote, Makueni."

"Hiyo ni hadithi ya kukutuliza. Aliniambia anakuahidi tu, tarehe inasogezwa mbele kila mara."

"Amelipa mahari."

Beldina akamtazama.

"Septemba," Mueni akasema. "Alikuja kwetu na wazee wanne. Mbuzi, blanketi la mama, sukari ya gunia. Baba yangu alimpa kiti chake. Nina picha."

Akamwonyesha. Elkanah katikati ya wazee hao wanne, suti ya kijivu, anatabasamu, mama yake Mueni kando amejifunga leso mpya.

Beldina aliishika simu kwa mikono miwili.

"Septemba aliniambia likizo imekataliwa," akasema. "Watoto walikuwa wameshaambiwa baba anakuja. Mitchelle alikaa stendi ya basi na nyanya yake tangu asubuhi hadi jioni. Siku mbili. Siku ya tatu akaugua homa." Akaigusa picha. "Hawa wazee siwajui. Si wa kwetu. Alikuwa Kenya, Mueni. Alikuwa Kenya na hakwenda kuwaona."

Akarudisha simu mezani, akavuta mkoba wake.

"Twende kwake."

*

Elkanah alikuwa na chumba mtaa wa Bani Malik, ghorofa ya nne, pamoja na vijana wawili Wakenya waliokuwa wametoka. Alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani, taulo begani. Alimwona Mueni akatabasamu. Kisha akamwona Beldina nyuma yake.

"Mmekutana wapi?"

"Tuingie kwanza," Mueni akasema.

Waliingia. Elkanah alibaki amesimama karibu na mlango, kama mgeni.

"Septemba ulikuwa wapi?" Beldina akauliza.

"Beldina, toka kidogo niongee na Mueni."

"Nitoke kama nani? Kama dada?"

"Usinifanyie hivi leo."

"Binti yako alikungoja stendi siku mbili. Ulikuwa Makueni unanunua mbuzi. Niambie kama ni uongo, nitakuamini. Nimekuamini kwa makubwa kuliko hilo."

Elkanah alikaa kitandani. Akajifuta uso kwa taulo.

"Mwanzoni ilikuwa nyumba," akasema, na aliyekuwa akimtazama ni Mueni. "Naapa ilikuwa nyumba tu. Nilikuwa Valencia wiki mbili, kampuni ilinipeleka mafunzo ya bandari. Nikaona watu wanaishi. Mtu kama mimi anatoka kazini, anakaa nje na watoto wake, hakuna anayemuuliza karatasi wala kafili anayemdhamini ni nani. Nikasema lazima nipate hiyo. Halafu nikakujua. Na baadaye ikawa wewe. Mahari nililipa kwa moyo wangu wote."

Beldina alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Usiniambie hayo mbele yake," Mueni akasema.

"Ni ukweli. Mlitaka ukweli."

"Na yeye ulitaka kumfanyia nini?"

"Ningemweleza. Ningeendelea kulea watoto. Mueni, hii ndoa ilikufa zamani, sisi tunaishi tu kwa simu."

"Tunaishi mji mmoja," Beldina akasema. "Kutoka hapa hadi kwa madam ni dakika ishirini kwa teksi. Hiyo simu ni wewe uliyetaka. Ulisema tukionekana kama mume na mke Mueni atajua."

Mueni alitoa simu, akampigia Amparo, akaweka spika. Valencia ilikuwa bado kabla ya adhuhuri.

"Bi Mueni. Umepata jibu?"

"Yuko hapa. Muulize mwenyewe."

"Bwana Elkanah, habari. Nahitaji kuandika hali yako kwenye hati. Umeoa?"

Elkanah aliitazama simu. Alimtazama Mueni kwa macho ya kuomba, macho ambayo yangemvunja siku moja tu kabla ya hapo. Kutoka barabarani chini zilisikika honi za teksi.

"Bwana Elkanah?"

"Ameoa," Beldina akasema kwa Kiingereza chake cha shule. "Mimi ndiye mke. Jina langu ni hilo umeona."

"Asante, bibi," Amparo akasema, akangoja.

"Naondoa jina langu," Mueni akasema. "Sinunui tena."

"Unaelewa kwamba malipo ya kuishikilia nyumba hayatarudi? Na yeye peke yake benki haitampa."

"Naelewa."

"Basi nitaiandikia benki leo. Jitunze, Bi Mueni."

Simu ilipokatika, Elkanah aliinuka. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Mmefanya nini? Mnajua mmefanya nini? Miaka mitatu. Sasa hakuna aliye na kitu. Wewe huna, yeye hana, watoto hawana. Mmefurahi?"

"Mimi sijafurahi," Mueni akasema. "Nilikupenda, Elkanah. Ungeniambia una mke na unatafuta mtu wa kununua naye nyumba, pengine ningekukopesha. Mimi ni mjinga kiasi hicho."

Alivua pete, akaiweka juu ya friji ndogo, kando ya mkebe wa majani ya chai. Elkanah alimshika mkono. Beldina akausukuma mkono wa mumewe, si kwa nguvu, na Elkanah akaachia.

*

Teksi ilikuwa ya kuchangia, Mueni na Beldina wakashuka pamoja Al-Hamra kwa sababu Beldina alitakiwa ndani kabla ya magharibi. Walisimama mbele ya geti la nyumba ya bosi.

"Mkataba wako umebaki muda gani?" Mueni akauliza.

"Miezi kumi na mmoja."

"Na yeye yuko hapo hapo Bani Malik."

"Yuko hapo hapo." Beldina alikuwa akitafuta ufunguo mkobani ingawa alikuwa ameushika mkononi. "Mitchelle nitamwambia nini?"

"Sijui."

Geti lilifunguliwa kwa ndani, sauti ya madam ikamhimiza kwa Kiarabu, "Beldina, yalla." Beldina akaingia. Hakukuwa na kuagana.

Wiki hiyo Mueni alimpigia mama yake. Alimweleza yote, bila kuficha hata kwamba wale wazee hawakuwa wa ukoo wa Elkanah. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako anauliza mahari irudi kwa nani," akasema. "Mbuzi wawili tumeshachinja."

"Mmrudishie nani, mama? Hata hao wazee hatuwajui majina."

"Kanisani nilishatangaza."

"Najua. Nisamehe."

"Wewe usiombe msamaha. Umekula leo?"

Hapo ndipo Mueni alipolia, kwa mara ya kwanza, simu ikiwa sikioni, na mama yake akakaa upande wa pili bila kukata.

Elkanah aliandika siku kumi na nne mfululizo. *Naanza taratibu za talaka. Nipe nafasi moja. Wewe ndiye nyumba yangu.* Mueni alisoma zote, hakujibu hata moja, na siku ya kumi na tano akaizuia namba ya Elkanah. Ile nyumba ya Valencia ilinunuliwa na watu wengine. Amparo alimwarifu kwa mstari mmoja wa imeili.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa adhuhuri, ilikuja meseji kutoka Jeddah.

*Mueni, ni mimi Beldina. Nimemwambia mama mkwe ukweli, watoto amewapeleka kwa dada yangu wa kweli, Truphena, Kisumu. Elkanah hatumi ada tena. Anasema nilimharibia maisha. Nimebakisha miezi tisa nirudi. Sikuandikii kwa ajili ya pesa. Nataka kukuomba msamaha na sijui maneno yake.*

Mueni alikuwa kitandani bwenini, ametoka zamu, viatu bado miguuni. Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Alikumbuka kila sahani aliyowekewa mbele yake Bani Malik, na mkono uliokuwa ukiiweka. Hasira ilikuwapo bado, nzima, haijapungua hata kidogo. Mwishowe akatuma:

*Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Ukiwa ofu na huna wa kuongea naye, nipigie.*

Dakika haikupita, simu ikaita. Mueni akaiacha iite mara tatu. Kisha akapokea.