Hitaji la Wodi ya Vidonda

Mtu alikuwa ametapika mbele ya dirisha la mapokezi, na wote pale hospitalini walikuwa wameshazoea kuyaruka matapishi yale bila hata kukatiza mazungumzo. Msichana mmoja mgeni peke yake hakujua. Alikuja mbio na gauni lake la bluu lililomkaa vizuri, kompyuta kwapani, na kiatu cheupe kikatua katikati.

"Pole, dada," sauti ilisema nyuma yake. "Simama hivyohivyo, utateleza."

Alikuwa muuguzi wa wodi ya vidonda, mwanamume mrefu, sare imepauka kwa kufuliwa. Alipiga goti, akamvua kiatu, akakiosha bombani kama anaosha kikombe cha chai.

"Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kuuliza maswali. Mimi ni mchambuzi wa mahitaji. Hospitali inataka mfumo mpya wa kompyuta, na kabla haujatengenezwa, nawauliza mtakaoutumia mnahitaji nini."

"Andika basi: mtu wa kupiga deki."

Mchambuzi alicheka. Mapenzi yao yalianzia kwenye uchafu huo, wala siyapambi.

Ikawa kila jioni simu.

"Bi Maswali, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Mbona sauti imechoka?"

"Nimechoka kunusa. Daktari mkuu amefungia bandeji kabatini, eti zisiishe kabla wakaguzi hawajaja. Za zamani zinakaa vidondani mpaka zinatoa funza. Leo nimemtoa mama mmoja funza, na yeye ndiye ananiomba radhi."

"Kwa nini hamsemi?"

"Aliyesema alihamishiwa chumba cha maiti. Nakwambia wewe tu, kipenzi, nipate usingizi."

Asubuhi mchambuzi aliketi kazini, akaandika: mfumo uonyeshe kila kidonda kimeoshwa lini, maana bandeji hukaa mpaka funza. Katika kazi yao kila hitaji huandikiwa chanzo chake, asije mtu akasema limetungwa. Basi vidole vikaandika vyenyewe: muuguzi wa zamu ya mchana, wodi ya vidonda. Akatuma hospitalini. Mazoea ya namna hiyo yananichukiza kuliko ubaya wa makusudi, kwa sababu mwenye kuyafanya hunywa chai yake kwa raha.

Daktari mkuu, shati limenyooshwa na manukato ya kuumiza kichwa, alilisoma hitaji lile kikaoni kwa sauti. Kabla ya adhuhuri muuguzi alikuwa ameshapewa onyo, na neno moja zaidi lingemfukuzisha kazi.

Jioni ile simu ilikuwa fupi.

"Nilidhani naongea na mpenzi wangu, kumbe nahojiwa."

"Sikukusudia, mpenzi, nisikilize."

"Umenitia kinyaa." Akakata.

Mchambuzi alilia, akanawa uso, na asubuhi akaenda kumwomba daktari mkuu amwondolee muuguzi lile onyo. Yule mzee alitabasamu, akalifuta hitaji pamoja na onyo, akampapasa mkono. "Binti mwelewa." Mchambuzi alipotoka aliusugua mkono ule kwenye gauni, lakini moyoni alifurahi. Mpenzi wake amepona. Akakimbilia wodini.

"Nimelifuta, mpenzi. Onyo nalo halipo. Hakuna atakayekugusa."

Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeuma embe bovu. "Nani kakwambia nataka hivyo?"

"Si ulikasirika?"

"Nilikasirika kutajwa bila kuulizwa. Hitaji lenyewe lilikuwa la kweli. Kutwa nzima unawauliza watu wanataka nini. Mimi uliniuliza lini?"

Akampa glavu.

Kitandani alilala bibi mwenye mguu uliofungwa bandeji iliyogeuka rangi ya udongo. Mchambuzi alipoanza kuifungua, uvundo ulimpanda puani mpaka machozi yakamtoka.

"Pumua kwa mdomo, mkwe wangu," alisema bibi, aliyezoea kumwita muuguzi mwanangu. "Mguu wenyewe naona haya kuwa nao."

Ndani, kitu cheupe kilijipinda. Aliendelea mpaka mwisho. Kisha akavua glavu, akampigia mkubwa wake wa kazi palepale.

"Bosi, lile hitaji la vidonda lirudi. Najua daktari mkuu hataki. Chanzo andika mimi, nimeona kwa macho yangu. Mkinifukuza sawa, lakini lirudi kwanza."

Aliweka simu mfukoni, akamgeukia muuguzi. Sauti ilikuwa ndogo.

"Unataka nini?"

"Nataka nikikwambia kitu, kibaki kwetu mpaka mimi niseme kiende." Alikuwa bado amenuna. "Na nataka nikuoe. Lakini leo usinisogelee, unanuka."

"Wewe unanuka zaidi," alisema mchambuzi, akavaa glavu nyingine na kuuinua mguu wa bibi ili uoshwe.