Kofia Alirudi Kutafuta Kiitikio

Jamani, nilikuwa naosha nywele za mteja pale saluni, redio ikaimba maneno yangu.

Siyo yanayofanana na yangu. Yangu!

"Niambie nilichokosa, nikiache leo leo."

Hayo nilimwambia mume wangu nikiwa nimepiga magoti, siku anafunga begi. Chumbani tulikuwa wawili tu. Sasa gitaa linayasindikiza taratibu, na mteja wangu, kichwa ndani ya beseni, anayaitikia...

Mume wangu ni mtunzi wa nyimbo za kantri, zile za gitaa za Kimarekani. Mtaani wanamwita Kofia, kwa ile kofia yake pana. Aliniacha bila ugomvi, bila mwanamke mwingine. Miezi mitatu nilijichunguza nimekosea wapi, hadi nguo zikanipwaya.

Jioni wifi yangu akaja kusuka. Nikamuuliza kuhusu ule wimbo. Akacheka, akasema kaka yake hawezi kutunga huzuni ya kubuni, lazima aione usoni kwa mtu.

"Wewe ni wa tatu, wifi. Wa kwanza alimtolea albamu nzima. Wewe wimbo mmoja tu unalalamika?"

Nikaendelea kumsuka. Sikumvuta hata unywele mmoja.

Mwezi uliofuata nikasikia hodi. Kofia huyo, begi mkononi, macho mekundu. Akasema amejuta, halali usiku, hali chakula, nyumba bila mimi ni ghala tu.

Mimi shule niliishia la saba, lakini kuangalia watu naweza. Nikaangalia mkono wake. Vidole vinagonga fremu ya mlango... moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu.

Anahesabu mapigo!

Kumbe safari hii kafuata wimbo wa majuto. Anasubiri nimtukane au nimkumbatie, apate kiitikio.

Nisiwafiche, moyo ulitaka kumkumbatia. Nilikuwa bado nampenda. Lakini nikaapa, haondoki hapa na neno langu hata moja la kuimbika.

"Ingia. Chai ipo kwenye chupa," nikamwambia. "Ukimaliza, funga mlango."

Nikachukua pochi, nikaenda kazini. Niliporudi hakuwepo, kikombe kimeoshwa. Nilijiona mjanja, wapendwa. Kesho yake, njia nzima ya kwenda sokoni nilikuwa natabasamu peke yangu.

Wiki ya sita tangu siku ile nikaenda kumsalimia mama. Nikamkuta anaanika nguo, anaimba kwa hisia zote:

"Chai ipo kwenye chupa... ukimaliza, funga mlango..."

Mama akasema ni wimbo mpya wa redioni, mtunzi hamjui, unamliza kila akiusikia. Mwanaume wa watu karudi na majuto yake, mke hata hajamtazama mara mbili.

"Huyo mwanamke ana roho ya jiwe, mwanangu. Mume gani atakaa na mtu kama yule?"

Nilimshikia vibanio vya nguo hadi akamaliza.

Dada zangu, mtu anayekula machozi yako usikae kumchagulia maneno. Hata ukimpa makombo atashiba. Mimi nilihangaika na cha kumwambia, wakati hodi yenyewe ilikuwa ya kuachwa bila jibu.