Pua Haiumi kwa Daktari

"Haiumi kwa sababu niko hapa! Nikitoka tu, inaanza. Nikwambie mara ngapi, Daktari?"

"Punguza sauti, Luhende. Pua ni yako, kliniki ni yangu."

"Pua yangu? Mbona hainisikii?"

Luhende alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatweta. Daktari Milembe, mama wa makamo, nywele zinang'aa mafuta ya nyonyo, alikuwa ameegemea meza yake. Nje ya dirisha Mwanza ilikuwa inaning'inia: nyumba zimeshikizwa juu ya mawe kama viota, na magari ya angani yanapita katikati yake, hayana hata dereva.

Ukimtazama Luhende usingedhani ana shida. Pua imenyooka kama rula. Mwaka jana ilikuwa imepinda. Beki mmoja alimpiga kiwiko uwanjani, akawa anapumua kwa tundu moja. Milembe hakushika kisu. Alimdondoshea tone moja la vifinyanzi, vimashine vidogo kuliko chembe ya unga, vikaingia vyenyewe na kuanza kuifinyanga pua kutoka ndani, Luhende yuko macho anapiga soga. Vikimaliza havitoki. Vinabaki kulinda kazi yao.

Sasa hivyo hivyo ndivyo vinavyomtesa. Awe kazini, awe amekaa na mkewe, kitu kinamvuta pua kwa ndani, taratibu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake. Twende. Twende.

"Jumapili nimejikuta nje ya geti lako," alisema, sauti imeshuka. "Peku. Sijui nimefikaje. Mke wangu anasema nina hawara huku."

Milembe akacheka cheko la kulazimisha. "Mwambie huyo hawara ana wajukuu."

"Washa kiwambo nione."

"Hakuna cha kuona."

"Kila nikija hakuna cha kuona!" Akampita, akabonyeza mwenyewe.

Ukuta mzima ukawaka. Pua yake hiyo, pango jekundu lenye unyevu, na vifinyanzi vimejaa kila pembe, vinameremeta kama dagaa waliomulikwa taa. Vyote vimeelekea upande mmoja. Luhende akafuatisha kwa macho. Upande aliosimama Milembe.

"Nenda dirishani."

"Luhende, baba..."

"Nenda, mama!"

Milembe akaenda. Vifinyanzi vikageuka, vyote kwa pamoja, kama alizeti.

Luhende akarudi nyuma hatua moja. "Kabla yangu vilikuwa vya nani?"

Milembe akajikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Alieleza bila kumtazama. Kifinyanzi hujifunza hewa ya nyumbani kwa mwenye pua, kijue lipi ni vumbi la kuzuia na ipi ni harufu ya kwao. Mwenye pua akifa, vinachomwa. Ndiyo sheria.

"Mume wangu, Sayi, vilikaa kwake mpaka anakata roho. Nikaambiwa nivichome mwenyewe. Mkono ulikataa. Nikaviweka kwenye maji ya chumvi, vikawa vinakufa kimoja kimoja, naviona. Ndio ukaja wewe na pua yako."

"Ukanifanya kaburi."

"Nilikufanya nyumba."

"Ndiyo maana kila wiki, 'Njoo Luhende nikucheki.' Kumbe unamcheki mumeo!"

Milembe akafuta uso kwa kiganja. "Nitavitoa. Kesho. Niachie leo tu."

"Nakwenda vikatolewe kwingine."

"Kwingine watavichoma."

Matusi Luhende alikuwa nayo, yamejaa mdomo mzima. Lakini pua ilikuwa imetulia, hewa inapita safi, na ile harufu ya nyonyo ilimjia kama ya jikoni kwao, jikoni ambako hajawahi kukanyaga. Hilo ndilo lililomtisha. Alijua akikaa kidogo tu, atamuuliza huyu mama kama amekula.

Akachukua kofia, akaenda mlangoni.

"Kwaheri, baba," alisema Milembe nyuma yake. Hakuwa anamwambia Luhende.

Puani vikamvuta vyote kwa mpigo, nguvu zote, kurudi. Machozi yakamtoka, wala hakujua ni ya nani. Akatoka, akaufunga mlango.