Ubao Hauna Pindo

Jumamosi ile ya Novemba ukumbi wa michezo wa shule ulifurika watu, kama kila mwaka siku ya gulio la vifaa vya theluji vya mitumba. Wazazi walisukumana, viatu vilinuka soksi za mwaka jana. Korbinian Plattner, fundi cherehani wa mtaa wa Wilten, huko Tirol milimani, talaka yake ina miaka minne, alivaa koti la sufu la kijivu lenye vifungo vya pembe. Alikuwa amekumbatia ubao wa kutelezea kwenye theluji, wa sentimita mia na hamsini na tano kama mtu aliyeshinda kesi. Kando yake alisimama bintiye Cilli, miaka kumi na miwili, na ubao umempita kichwa.

"Huo wa nani?" akauliza mwanamke wa meza ya ushauri. Alikuwa Burgi Egger, mnoaji wa mbao za theluji, sweta jekundu, nta kwenye kucha, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Wa huyu."

"Huyu huyu, au kuna mwingine mkubwa nyumbani?"

Cilli akacheka. Baba mtu hakucheka.

"Atakua, dada. Watoto wanakua."

"Ana kilo ngapi?"

"Kilo? Nanunua ubao, sinunui nyama!"

"Uzito kwanza, bwana, urefu baadaye. Ubao unapinda kwa uzito. Asipoweza kuupinda, hakati kona." Akamgeukia mtoto. "Umefikia wapi?"

"Kona nakata, kulia na kushoto. Kasi ndiyo inanitisha."

Burgi akampandisha kwenye mizani: kilo thelathini na nane. Akatazama viatu vyake visije vikazidi upana wa ubao na kuburuza ncha kwenye theluji, akachomoa ubao wa mia na thelathini na nane, ukamfika Cilli puani. "Huu utamtii leo, na bado una nafasi ya kilo tano, sita."

"Mimi nikishona gauni la mtoto naacha pindo la vidole vinne," akasema Korbinian. "Akikua, nafumua."

"Ubao hauna pindo, Bwana Fundi."

Alinunua ule mfupi kwa shingo upande. Jumatatu akapiga simu.

"Burgi? Ni yule wa pindo."

"Nilijua utapiga. Ubao umevunjika?"

"Hapana. Nimekukumbuka tu."

"Makubwa! Mwanamume wa Tirol kakumbuka mtu, na kasema."

Mapenzi yakaanza hivyo, bila shamrashamra. Jumapili walipanda mlimani watatu. Cilli akaacha kuogopa kasi. Burgi akampenda mtoto kuliko alivyotarajia, na Korbinian akampenda Burgi mpaka akakosea kupima suruali za wateja. Wakati wa Krismasi, wakimenya machungwa jikoni kwa Korbinian, Burgi akauliza, "Mimi na wewe lini, mpenzi? Nimechoka kurudi kwangu na mfuko wa mswaki."

"Cilli akikua kidogo, kipenzi. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Korbinian alihofia mtoto asije akaumia mara ya pili mtu mwingine akiondoka. Hilo hakulisema. Burgi akaona anaonewa aibu, naye hakusema. Kwa werevu wa namna hiyo watu wazima huharibu mambo.

Machi, maduka yaliposhusha bei, Korbinian akanunua ubao mpya wa mia na hamsini na tano kwa ajili ya majira yajayo. Cilli hakuweza kuungoja mwaka mzima. Jumamosi akaupandisha mlimani. Kwenye kona ya tatu ubao ukakataa kugeuka, ukampeleka kwenye uzio, na kifundo cha mkono kikavunjika.

"Nilikwambia!" Burgi alipiga kelele kwenye simu. "Mtoto uliye naye humwoni, Korbinian! Unamwona yule wa mwakani tu. Na mimi vilevile, siku zote mwakani!"

"Wewe hujazaa, utajua nini?"

Simu ikakatika. Wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Korbinian alikuwa anampoteza mwanamke huyo, naye alijua, na kila siku alikaa kwenye cherehani akishona mikono ya makoti ya watu.

Mwishowe Cilli, mkono umefungwa plasta, akamuuliza mezani, "Burgi haji tena?"

"Nilikuwa nangoja ukue kwanza, mwanangu. Nilihofia akija, kisha akaondoka..."

"Mbona sasa ameondoka na bado sijakua?"

Korbinian akaweka kijiko chini. Hakumaliza supu.

Kesho yake aliingia kwenye karakana ya Burgi akiwa na shati lisilopigwa pasi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Wilten. Wateja sita walikuwa kwenye foleni. Burgi alikuwa anayeyusha nta kwa pasi juu ya ubao ili uteleze, hakuinua macho.

"Foleni inaanzia nyuma."

"Lile neno lilikuwa baya, Burgi. Nisamehe."

"Nimelia siku tatu kwa ajili ya lile neno. Na siku zote ulinionea aibu."

"Hapana. Sikukuonea aibu kamwe. Niliogopa Cilli asije akaumia tena ukiondoka. Njoo ukae kwetu."

"Lini? Mwakani?"

"Leo. Nimetoa nguo zangu, kabati nusu lako. Ziko sakafuni."

"Nguo za fundi ziko sakafuni?"

"Zote. Hata suti ya arusi ya mteja."

Bibi mmoja kwenye foleni akaguna, "Jamani, mjibu basi, tuna kazi!"

Macho ya Burgi yalikuwa yamelowa. Alichomoa waya wa pasi, akafuta mikono kwenye sweta, akawatangazia wote sita kwamba karakana imefungwa. Ilikuwa saa tano asubuhi.