Aliyezimaliza Hesabu za Jua

Hesabu zilikubali, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wenzake chuoni walimwita Bi Jua, kwa kuwa kwa miaka mingi alilipeleleza jua kama mke anayempeleleza mume mkware. Jua likichafuka hurusha chembe zisizoonekana, mvua isiyolowesha, nazo huharibu setilaiti na kukata mawasiliano. Kazi yake ya uzamivu ilikuwa kuunda modeli ya kompyuta ya kutabiri mvua hiyo. Modeli ikamtoa jasho. Ikitabiri manyunyu, setilaiti hupima gharika; ikitabiri gharika, hata tone halionekani.

Mchana mmoja, akifanyia kazi nyumbani alikoishi na mama yake, alisukuma kiti akafoka, "Anayeiweza kazi hii na aje aimalize. Mimi basi!"

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi, mstari wa modeli na mstari wa setilaiti ilikuwa imelaliana kwenye kioo kama uzi mmoja. Hakuwa amegusa kitu. Chumba kilinuka pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

"Mwanangu," mama aliita kutoka baraza la ghorofani, "huyo mgeni wako mbona hasalimii?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo mrefu. Kanipita kama gogo."

Bi Jua alicheka. Macho ya kizee hayo, alijisemea.

Profesa aliyemsimamia nusura acheze. "Binti, tasnifu ndiyo hii! Utaitetea mwezi huu huu." Bi Jua hakusema kwamba mkono haukuwa wake. Aliyeshinda na kiu haulizi maji yametoka kisima gani.

Ndipo mama alipoanza kusikia baridi. Jua la utosi, watu wanajipepea, yeye barazani meno yanagongana. Hospitali walipima, wakapima tena, hawakuona ugonjwa. Na kila kompyuta ilipokuwa ikikokotoa, nyumba ilijaa sauti ya mchanga unaomwagwa taratibu juu ya bati, ingawa waliishi ghorofani na juu yao palikuwa na jirani, wala si paa.

Siku moja Bi Jua alisikia mchanga huo ukimwagika chumbani kwa mama, mchana kweupe, akanyata hadi mlangoni, akachungulia, akamwona mama amejikunyata chini ya mablanketi, na juu yake kimeinama kitu kirefu ambacho mgongo wake ulifika darini ukajikunja, hakina uso ila mwanga unaochoma macho, kikivuta joto kutoka kinywani mwa mama polepole, kama mtu anywaye uji wa moto, fuu, fuu, na kila kilipovuta, kompyuta kule mezani ilivuma kwa nguvu zaidi, kama mnyama anayeshiba.

Alimsimulia shangazi yake, naye shangazi akamleta mganga, mtu mnene mwenye miwani aliyepanda ngazi akihema. Alikaa kitambo kando ya kitanda, kisha akamvuta Bi Jua ukumbini.

"Huyu hakuvamia," alinong'ona. "Aliitwa, akafanya kazi, sasa anakula ujira wake. Futa yote aliyoyafanya, leo hii, ndipo niweze kumtoa."

"Utetezi ni kesho kutwa," Bi Jua alijibu, naye kwa kunong'ona. "Nikishatetea tu, nafuta."

Mganga akakunja mkeka wake. "Jini hajui kesho kutwa, dada."

Alitetea. Walimpigia makofi, wakamwita Daktari. Alirudi nyumbani mbio, akipanda vidato vya ngazi viwili viwili, akamkuta shangazi amepiga magoti barazani akisugua miguu ya mama. Jua lilikuwa limemwangukia mama mwili mzima, naye alikuwa baridi kama chuma.

"Alikuita, mwanangu," shangazi alisema. "Alikuita hadi sauti ikamkauka."

Walipomaliza kuzika, Bi Jua alifuta kila kitu, hata vipande alivyoviandika yeye mwenyewe. Mganga akarudi, akasoma yake jasho likimchuruzika. Mchanga ulimwagika sebuleni, ukapita mlangoni, ukashuka ngazi, ukanyamaza. Harufu ya kuungua ikakatika.

"Ametoka," mganga alisema, lakini uso haukukunjuka. "Ila hakutoka kama aliyefukuzwa. Katoka kama mtu mwenye pa kwenda."

Simu ikaita. Alikuwa profesa.

"Pole sana, Daktari. Pumzika, kazi isikuumize kichwa. Nakala ninayo, na nimeshawagawia watafiti wa kila bara. Wanaishangilia!"

"Profesa, ifute. Waambie wote waifute. Nakuomba!"

"Huzuni hiyo, binti, itapungua. Halafu wewe, mbona hukuniambia una msaidizi? Bila shaka ni wako huyu ninayemwona dirishani, yupo hapa mlangoni kwangu, mrefu huyo, hasemi neno. Na huyu mke wangu anazunguka jikoni, anadai kuna kitu kinaungua."

Bi Jua alishika simu kwa mikono miwili. "Usimfungulie! Profesa, unanisikia? Usimfungulie!"

"Aa, mgeni haachwi juani," profesa alisema, na komeo likasikika likivutwa. "Karibu, bwana. Karibu ndani."