Faili la Saba la Bibi Mwamvita

Kila asubuhi, akishaniamkia na kufagia uwanja, mjukuu wangu Naima alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kuipangusa kompyuta vumbi. Ilikaa ukumbini kwetu Mtoni, juu ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mwanangu Faraji, baba mdogo wa Naima, aliinunua mnadani ofisi moja ilipofungwa. Naima alikuwa darasa la sita, na vidole vyake vilikimbia juu ya zile herufi kuliko vyangu juu ya mchele.

Aliyeifaidi zaidi ni dada yangu Mwamvita, Mungu amrehemu. Alikuwa akikaa mkekani anasema, Naima anapiga barua za kumpelekea mwanawe Pangani. Barua sita. Kisha, wiki chache kabla hajafariki, alimwita Faraji akamtajia majina ya wazee wetu waliotangulia, vizazi saba, ayapige humo kwenye kompyuta, maana ni yeye tu aliyekuwa nayo kichwani. Sisi kila Shaabani, kabla ya Ramadhani, tunasoma hitima na kuwataja wote kwa majina. Mwaka ule ingekuwa mara ya kwanza bila yeye, na siku ilishapangwa: Alhamisi.

Jumamosi ya kabla yake Faraji alileta boksi la diski kumi na tatu.

"Huu ni mfumo mpya wa kuendesha kompyuta," alimweleza Naima. "Una picha, na utatuwezesha kuweka programu za hesabu na ramani. Lakini unataka nafasi. Naenda kazini nusu siku. Fungua faili moja moja, ulisome. Lisilo na kazi lifute, lenye kazi linakili kwenye diski hii."

"Ndiyo, baba mdogo."

Nilikuwa pembeni na ungo wangu, nachambua mchele. Hazikupita dakika nyingi akaingia Jovina, binti wa jirani zetu waliotoka Bukoba.

"Shikamoo, bibi. Naima, umefika wapi?"

"Faili la kumi. Yapo sitini."

"Ukimaliza, Idi itakuwa imepita. Mie nimekuja tucheze karata humo kwenye kompyuta."

"Baba mdogo kasema moja moja."

Jovina akainama, akanong'ona akidhani sisikii. "Kwani haya si ya marehemu bibi yenu? Namba moja mpaka saba, yote yana jina lake. Barua zilishakwenda Pangani hizo. Futa, tucheze."

Naima alinitazama kidogo. Kisha akabonyeza. Kwenye nafasi iliyopatikana akaweka maelezo yake ya jiografia ya shule, halafu wakacheza karata mpaka adhuhuri, wakicheka. Mie mambo ya mashine ile siyajui, nikaona watoto wanafanya kazi.

Faraji aliporudi aliuliza, "Umefungua yote?"

"Yote, baba mdogo. Moja moja."

Akachomeka diski ya kwanza, Naima kasimama pembeni ameshika ya pili. Ndipo nikasema, "Faraji, usije ukayapoteza majina ya dada. Alhamisi ndiyo hiyo."

"Hayapotei, mama. Ni lile faili la saba la Bibi Mwamvita. Naima kashalinakili."

Nilimwona mtoto anaiweka diski ya pili mezani. Kidole cha Faraji kilikuwa tayari juu ya kibonyezo.

"Baba mdogo, usiendelee."

"Kuna nini?"

"Sikuyafungua mafaili ya bibi. Nimesema uongo. Nilidhani ni barua zote, nimefuta yote saba."

Jovina alitazama sakafu. Faraji hakupiga kelele. Aliichomoa diski taratibu, akairudisha kwenye boksi.

"Faili likifutwa haliondoki hapo hapo," alisema. "Ni kama daftari lililochanwa ukurasa wa yaliyomo. Maandishi bado yapo ndani, mpaka yaandikwe mengine juu yake. Nasikia kuna programu za kuyarudisha. Jumatatu nitamwuliza fundi Kariakoo. Mpaka hapo, mashine hii isiguswe."

"Na kitabu chake je?" Naima aliuliza. "Kukisoma ruhusa?"

Kitabu kilichokuja na kompyuta kilikuwa kinene, cha Kiingereza kitupu, nasi tulikuwa tumekiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Naima akakichomoa, akaweka kipande cha tofali mahali pake. Jumapili kutwa alikuwa mkekani, kitabu upande huu na kamusi upande huu. Jovina alipotoka kanisani akaja moja kwa moja.

"Nimekuja kukusaidia kutafuta maneno," alisema.

"Na karata?"

"Karata zimenitosha, dada."

Wakala hapo hapo, wakabishana juu ya neno moja mpaka wali ukapoa. Baada ya alasiri Naima akasimama.

"Baba mdogo, Kariakoo usiende. Programu ya kurudisha mafaili imo humu humu, tangu siku uliyoinunua."

Faraji alisoma ukurasa ule mara mbili. "Miaka miwili naitumia mashine hii," alisema, "na sikujua." Akamwachia kiti.

Naima akaandika amri. Mafaili yakatokea, kila moja limekosa herufi ya kwanza ya jina lake, kwa kuwa mashine ikifuta huila herufi hiyo, na ukitaka kulirudisha sharti uitaje mwenyewe. Barua ya kwanza haikupatikana. Ya pili haikupatikana. Juu yake yalikuwa yamekaa maelezo ya jiografia. Ya tatu ikarudi, na ya nne, ya tano, ya sita. Kwenye la saba Naima alivuta pumzi, akabonyeza M.

Majina yakajaa kiooni. La kwanza nililoliona ni Mwanahawa binti Kombo, bibi yake mama yangu. Nilijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Naima aliyanakili majina yale kwenye diski mbili, kisha akayaandika kwa mkono kwenye daftari. Safari hii aliyafungua mafaili yote, moja moja, mpaka la mwisho. Jumatano Faraji akaweka mfumo mpya, Naima akimpa diski kwa zamu mpaka ya kumi na tatu. Ule wa zamani haukukubali jina la faili kuzidi herufi nane. Huu mpya ulikubali jina refu, na Naima akaliita faili lile: Majina ya wazee wetu, lisifutwe.

Alhamisi hitima ilisomwa. Watu walipoondoka Naima akamwuliza Faraji, "Mbona hukunipiga, baba mdogo?"

"Barua mbili za bibi yako hatutaziona tena," alijibu Faraji. "Hiyo ndiyo bei ya uvivu, nawe umeilipa. Lakini ungeunyamazia uongo wako mpaka diski ya kwanza ianze kuzunguka, hata kitabu kile kisingetusaidia. Kosa likisemwa mapema, hurekebika. Likifichwa, mambo mengine huandikwa juu yake."

Nami nilikuwa nimeshika daftari la Naima, lile ambalo mwalimu wa madrasa alisomea majina kwenye hitima. Chini kabisa, baada ya vizazi saba, palikuwa na jina ambalo halikuwamo kwenye faili. Mtoto aliliongeza mwenyewe, kwa mwandiko wa pole pole: Mwamvita binti Salehe.